Ukoko wa Mama Nyamizi na Nguruwe wa Mkuu

Wande, umeniomba niandike, na wenzako wa jikoni wamekusaidia kuniomba, mpaka nikaona kukataa ni kazi kubwa kuliko kuandika. Shule nilikwenda hadi darasa la nne, kwa hiyo nukta ukiikuta mahali si pake, iruke uendelee. Majina lakini sijasahau hata moja. Wasichana wote waliopita mbele ya dirisha langu la kupakulia kwa miaka thelathini na moja, niulize, nitakuambia na aliyekuwa anapenda maharage bila mchuzi.

Vyeo sitaviandika. Jikoni kwetu kulikuwa na vyeo viwili tu, aliye upande wa moshi na aliye upande wa hewa, na vilibadilika kutwa mara tatu kufuatana na upepo wa ziwani. Nyinyi mna gesi. Mnazungusha kitu kama mnafungua redio, moto unakuja, hamlii machozi. Siwaonei wivu, ila najua hamjawahi kuuona ukoko wenyewe, na habari yangu ni ya ukoko.

Niliingia kazini nikitokea Sengerema. Nilivuka na kivuko cha asubuhi, mfuko wa nguo kichwani, nikafikia kwa shangazi yangu Kiseke, Mwanza, na kesho yake nikawa mlangoni mwa jiko la shule. Jina la shule mnalijua, sina haja ya kulitaja. Nilimkuta mwanamke mfupi, mpana, amejifunga khanga kifuani, anakoroga sufuria ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake nikabaki na nafasi ya ndoo.

“Shikamoo, mayu,” nikasema. Kwa Kisukuma mayu ni mama.

“Marahaba. Umewahi kusonga?”

“Nimesonga.”

“Wa watu wangapi?”

“Saba.”

“Huo sio ugali, hilo ni tonge. Shika hapa.”

Akanipa mwiko uliokuwa mrefu kunizidi. Ule haukuwa mwiko, lilikuwa kasia. Huyo ndiye Mama Nyamizi, aliyenifundisha kazi. Aliniambia mikono ni ya kushika tu, ugali mkubwa unasongwa kwa kiuno, na miguu isimame kama ya mtu anayevuta wavu wa kokoro ufukweni. Siku ile niligeuza mwiko mara nne nikakaa chini. Akinyi wa Rorya, mpishi mwenzetu, alinimwagia maji kichwani bila kuniuliza, akaniambia karibu.

Mama Nyamizi alinifundisha na mengine. Dagaa waoshe kwa maji ya moto mara tatu, na usimwage kwa haraka, mchanga unakaa chini unakusubiri. Maharage yanayoelea usiyaonee huruma. Chumvi isiwekwe na watu wawili, kwa sababu chakula kisicho na chumvi watoto watakilaumu siku moja, chenye chumvi mara mbili watakisimulia mpaka siku ya mahafali. Hili la mwisho nililijua kwa kulifanya mwenyewe, na mwaka ule waliomaliza walinitungia wimbo.

Na alinifundisha sheria ya ukoko. Ugali wa sufuria kubwa, kwa moto wa kuni, unaacha chini tabaka kavu, la rangi ya kahawia, linalobanduka zima kama mfuniko. Ule ni wa aliyesonga. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hakuna nyumba huku kwetu isiyoijua. Unasonga, unapakulia watu wote, unakula wa mwisho, basi ukoko ni wako, utakayempa umempa. Mama Nyamizi wa kwake aliupeleka nyumbani, akiuloweka unakuwa uji mzito wa wajukuu zake, Kulwa na Doto, ambao mama yao alifariki wakiwa wananyonya. Mimi wa kwangu niligawa dirishani. Veronika alipenda wa pembeni. Rehema wa Ukerewe alipenda ulioungua kabisa. Joyce wa Bunda alisema yeye hapendi ukoko, na alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sasa tuje kwa Mkuu. Wakuu wa shule nimewaona tisa, na wengi walikuwa watu wazuri, waliojua kubisha hodi jikoni. Huyu alikuwa wa sita. Jina lake nalikumbuka na la baba yake pia, lakini silitaji, kwa sababu naye la kwangu hakuwahi kulitaja. Sisi wote watatu alituita Jikoni. “Jikoni, njoo.” “Jikoni, mmechelewa.” Akinyi alikuwa anamjibu, ila anamjibu akiwa ameshageuka: “Jikoni haiwezi kuja, Mkuu, ina kuta nne.”

Jumapili akiwa na wageni tuliitwa nyumbani kwake Pasiansi kupika, tena baada ya ibada tukiwa na nguo za kanisani. Tulikula nyuma, tumesimama penye bomba, kwa sababu viti vilikuwa vya watu. Na alikuwa na nguruwe sita. Banda alilijenga nyuma ya matangi ya maji ya shule. Mgeni akiuliza, walikuwa mradi wa shule. Nguruwe akizaa, walikuwa nguruwe wake.

Wakati huohuo kukaja kitabu. Mwalimu Edina, aliyefundisha Kiswahili kidato cha tatu, alikikuta kwenye boksi ndani ya stoo, hakina jalada, kurasa za mbele zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kinaitwaje wala nani alikiandika. Ilikuwa riwaya ya mambo ya zamani sana, ya nchi ya baridi huko mbali. Kwa kuwa kilikuwa kimoja, Mwalimu Edina akaamua kisomwe kwa sauti bwaloni kila Jumamosi baada ya usafi, sura moja. Msomaji alikuwa Veronika, maana sauti yake ilikuwa inafika mpaka stoo. Sisi tulikuwa upande wa pili wa dirisha la kupakulia, tunachagua maharage huku ugali uko motoni.

Kulikuwa na tajiri mmoja humo ndani, Bwana Gotardi. Mashamba yote yake, mto wake, na mashine ya kusagia inayozungushwa na maji ya huo mto ni yake. Watu wakilima kwa jasho lao, lazima wasage kwake, na wakishasaga, pumba wanaziacha palepale. Pumba zote ni za farasi wa Bwana Gotardi. Mtu anarudi na unga kidogo, farasi wananenepa.

Mama Nyamizi aliacha kuchagua maharage. “Pumba za mtu mwingine?” akaniuliza.

“Ndivyo wanavyosema.”

“Na serikali iko wapi?”

“Shhh,” akasema Akinyi, “tusikie.”

Kuanzia hapo nyinyi mtaelewa kosa letu, maana nanyi mna simu na mnaunguza. Tulipokuwa tunasikiliza tulisahau kuchomoa kuni. Sura ya kwanza ukoko ulikuwa nusu kidole. Bwana Gotardi alipompiga mjeledi mzee aliyempita njiani bila kuvua kofia, ukoko ulifika kidole kimoja. Alipomnyang'anya bibi mmoja mjane, Marta, shamba lake la urithi, ulifika kidole na nusu, na tuliupasua kwa kuupiga na mchi.

Mkuu alikuwa na desturi ya kupita kuonja chakula. Jumamosi hiyo ya shamba la Marta akafika tunapobandua. Akausogelea ukoko, akaugonga na ufunguo wa gari. Ukalia kama mlango.

“Huu wote unakwenda wapi?”

“Kwa aliyesonga, Mkuu,” nikamjibu.

“Aliyesonga ana mshahara. Unga ni wa shule, kuni ni za shule, sufuria ni la shule. Ukoko nao ni wa shule.”

Jumatatu ikaja ndoo ya bluu yenye mfuniko, tukaambiwa ukoko wote uingie humo. Ndoo ilipojaa ilichukuliwa kupelekwa nyuma ya matangi. Hatukuhitaji kuuliza, tulisikia kelele za kushukuru kutoka bandani.

“Sufuria la shule, kuni za shule,” Akinyi akasema akiwa amegeuka, “na kiuno kilichosonga ni cha wizara gani?”

Mama Nyamizi hakucheka. Alisema, “Huyu kile kitabu amekisoma kutuzidi. Ameshafika mbele.”

Nanyi msimcheke. Mama Nyamizi kitabu pekee alichowahi kusomewa kwa sauti maishani ni kile cha kanisani, na hakuna padri wala katekista aliyewahi kumwambia kwamba watu wa mle hawakuwepo. Kwake kilichoandikwa kimetokea. Alikuwa anamjua Marta kama anavyomjua jirani. Akikaa anaota jua, anauliza, “Sijui Marta leo amekula nini.” Mimi nilijua ni hadithi. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka kujua amekula nini.

Jumamosi iliyofuata Veronika akasoma sura mbaya. Marta alikwenda kusaga, akaficha konzi moja ya pumba kwenye kilemba chake. Msimamizi akamkagua mlangoni, pumba zikamwagika. Bwana Gotardi akaamuru atolewe kwenye kibanda chake, siku hiyohiyo, na barafu iko nje. Sura ikaishia Marta yuko barabarani, miguu mitupu, hajulikani anakwenda wapi. Mwalimu Edina akafunga kitabu akasema tutaonana Jumamosi. Siku ile ukoko ulikuwa vidole viwili, na tulikuwa tunalia bila moshi.

Mama Nyamizi alichukua kipande cha ukoko ule, akakifunga kwenye khanga. Nilimwona. Nikamwambia, “Mama, geti.” Akaniambia, “Nimesonga mimi.”

Getini alikuwepo mlinzi wetu Mzee Masatu, mtu wa Ukara, ambaye tangu amri ya ndoo itoke alikuwa anatukagua akiwa amefumba macho. Lakini siku hiyo Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama pale anaongea na fundi. Akamwona Mama Nyamizi na upande mmoja wa khanga uliotuna.

“Jikoni, fungua hiyo.”

“Ni ukoko, Mkuu.”

“Nimesema fungua.”

Akafungua, mbele ya wasichana waliokuwa wanarudi kuchota maji, na ukoko ukaanguka ukavunjika. Mtu wa miaka hamsini na nane. Mkuu akasema neno mwizi.

“Mwizi anachukua cha mtu,” Mama Nyamizi akasema. “Huo nimeusonga.” Akainama, akaokota vipande vyote, akavitia kwenye ndoo ya bluu mwenyewe, akaondoka.

Jumatatu akapewa barua ya kujieleza. Bodi ya shule ilikuwa inakutana Jumamosi hiyo, na Mkuu alikuwa amewapelekea pendekezo kwamba afukuzwe kazi. Alikuwa amebakiza miaka miwili apumzike, na Kulwa na Doto walikuwa darasa la pili. Nilimsomea barua nikifuata mistari kwa kidole.

“Wanasemaje?”

“Wanataka ujieleze kwa nini usifukuzwe.”

“Hawajui ukoko?”

Tukaandika jibu, mimi nikiwa karani. Alinitamkia maneno matatu: Nilisonga mimi, nikachukua. Nikamwambia tuongeze samahani kidogo, samahani haiumizi. Akasema, “Ukiiandika hiyo, itie sahihi yako.” Barua ikaenda na maneno yake matatu.

Alhamisi ilikuwa jumuiya. Wanawake wa mtaa wetu wa Kiseke tulikutana kila wiki kwa zamu za nyumba, tunasali, kila mtu anatoa nia yake, kama kuna mgonjwa au mwenye shida anasaidiwa. Zamu ilikuwa nyumbani kwa Mama Devota. Huyu mama mumewe, Mzee Mafuru, ndiye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Mzee mwenyewe yeye na jumuiya walikuwa hawapatani sana. Alikuwa nyuma ya pazia, anakunywa uji wake.

Nilikuwa nimemwomba Mama Nyamizi njia nzima aseme shida yake palepale, mbele ya mke wa mwenyekiti. Zamu ya nia ilipomfikia akasimama, akajifunga khanga vizuri.

“Naomba tumwombee mwenzetu mmoja, anaitwa Marta,” akasema. “Mjane. Amefukuzwa kwa ajili ya konzi moja tu ya pumba, ili wanyama wa bwana wale. Hana viatu. Basi ni hilo.” Akakaa.

Yeye alimaanisha kabisa alichosema. Kwake ya kwake yalikuwa ya barua, yangekwisha au yasingekwisha, lakini Marta alikuwa barabarani tangu Jumamosi.

Mama Devota akauliza, “Jamani, hapa Mwanza? Mtu anafukuza mjane kwa pumba?”

“Mwanza hata sijui kama amefika,” Mama Nyamizi akasema. “Tulimwacha njiani.”

“Nani anajua habari zake?”

Akanitazama mimi. Wote wakanitazama. Wande, hapo ndipo ningeweza kusema neno moja, kitabuni, mambo yakaisha. Ulimi wangu nilikuwa nao. Nikasema, “Habari zake tunazipata shuleni, jikoni kwetu. Jumamosi ndiyo tutajua amefika wapi.” Sikusema uongo hata kidogo. Ukweli ni kama sufuria la moto, una masikio mawili, mtu anashika lile lisilomuunguza.

Basi jumuiya ikafanya kazi yake. Huyu akatoa debe la unga, yule kitenge, mwingine blanketi.

“Viatu anavaa namba ngapi?” Mama Devota akauliza.

“Mtu wa kazi za shamba,” akasema Mama Nyamizi baada ya kufikiri. “Wekeni nane.”

Nyuma ya pazia kijiko kilikuwa kimeacha kugonga bakuli.

Jumamosi bodi ikaja, watu watano, wakaketi ofisini kwa Mkuu. Mimi ndiye nilipeleka chai na maandazi, na huwa simimini chai kwa haraka. Dirishani nikaona pikapu ya Mzee Mafuru, na nyuma yake wanawake sita wa jumuiya wamekalia unga, wanateremka. Mkuu naye akaona.

“Hao ni akina nani, Mwenyekiti?”

“Ni Mama Devota na wenzake,” akasema Mzee Mafuru, akakoroga sukari. “Kuna jambo wamelisikia, hata mimi nimelisikia. Kwamba hapa kuna mjane amefukuzwa kwa konzi ya pumba ili wanyama wa bwana wapate kula.”

Mkuu akaweka kikombe chini. “Si pumba,” akasema. “Ni ukoko. Tena hajafukuzwa, ndiyo tunataka tumfukuze leo. Na nguruwe mimi siwalishi vya wizi, vyote vinapimwa kwenye ndoo.”

Mzee Mafuru akaendelea kukoroga. Sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

“Nguruwe gani?” akauliza.

Jamani nilimimina chai ikafurika kwenye kisosi na hakuna aliyenigombeza.

Wakaenda wote nyuma ya matangi, na mimi nikafuata na birika, isije mtu akataka chai njiani. Wale nguruwe walikuwa mezani, tuseme hivyo. Mmoja alikuwa na ukoko mdomoni, mzima, kama anasoma gazeti.

“Wana afya,” akasema Mzee Mafuru. “Wa nani?”

Hapo Mkuu akawa na njia mbili na zote zilikuwa na matope. “Mradi wa shule, Mwenyekiti.”

“Vizuri. Unga wa shule, ukoko wa shule, nguruwe wa shule. Muhtasari uandikwe hivyo. Wasichana watakula nyama kabla ya kufunga shule.” Wajumbe wakaitikia, mmoja akauliza kama wataanza na huyu mkubwa. Mkuu alisema ndiyo, ila ilimchukua muda.

Kisha wakarudi ofisini, wakamwita Mama Nyamizi. Akaja na unga mikononi.

“Mama, ukoko ulichukua?” akauliza Mzee Mafuru.

“Nilichukua.”

“Kwa nini?”

“Nilisonga.”

Mzee Mafuru ni mtu wa Majita. Akawageukia wajumbe akasema, “Mimi kwetu, ukoko wa mama hatukuugusa mpaka aseme mwenyewe. Baba yangu alikuwa mtu wa kutemea watu mate, lakini ukoko wa mama hakuugusa.” Akaikunja barua ya kujieleza mara nne, akaiweka chini ya birika langu maana lilikuwa linaunguza meza. “Rudi kazini, mama. Aliyesonga achukue. Na hilo nalo liandikwe.”

Mambo yangeishia hapo, lakini nje kulikuwa na wanawake sita wenye unga, na walikuwa wanamtaka Marta. Nikawapeleka bwaloni. Nilitembea polepole sana.

Veronika alikuwa ameshasimama na kitabu. Mama Devota akatazama huku na huku, viatu namba nane mkononi.

“Mama Nyamizi, Marta mwenyewe yuko wapi?”

“Kaa, mayu. Anakuja.”

Veronika akaanza kusoma, na jina la Marta likatoka. Nikamwona Mama Devota akielewa. Alinigeukia mimi, sio Mama Nyamizi.

“Kabula, ni wa kitabuni?”

“Ndiyo, mama.”

“Na Alhamisi ulijua?”

“Nilijua, mama.”

Akavuta pumzi ya kunitukana, nayo ilikuwa haki yake. Lakini Veronika alikuwa amefika pale Marta anapobisha mlango wa kwanza wanamnyima, wa pili wanamnyima, na Mama Devota akaishusha ile pumzi. “Nitakushughulikia baadaye,” akasema, akaketi. Wote wakaketi. Marta hakufika mlango wa tatu. Walimkuta asubuhi na barafu juu yake, na kwenye kilemba zilikuwa zimebaki pumba chache.

Sasa mtu akifa kwetu, mnajua wanawake wanafanya nini. Mama mmoja aliinuka akachukua debe la unga, mwingine akachochea kuni, Akinyi akateka maji. Tulibandika maji ya ugali wa msiba wa mtu asiyekuwepo. Mama Nyamizi alisema tu, “Angalau amepata watu.” Mpaka alipostaafu sikumwambia kwamba Marta hakuwahi kuwepo, na sidhani kama alihitaji kuambiwa.

Maji yalipochemka, wajumbe wa bodi wakaja kula, na Mkuu akaja nao akitabasamu, maana siku ilikuwa imemwendea vibaya na alitaka imalizike kirafiki. Akasimama penye mafiga, akasema kwa sauti ya kusikika na mwenyekiti, “Leo basi na mimi nipeni huo ukoko, nijue utamu wake.”

Mama Nyamizi akamtazama kutoka juu mpaka chini. Akachukua mwiko, akamnyooshea.

“Karibu, Mkuu. Bado haujasongwa.”

Mkuu akamtazama Mzee Mafuru. Mzee Mafuru akatazama ziwa. Wasichana mia tatu walikuwa wamejaa dirishani, Joyce wa Bunda amepanda juu ya benchi. Mkuu akavua koti, akatafuta pa kuliweka, Akinyi akalipokea kwa vidole viwili. Akaushika mwiko kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe asiyemjua. Alipougeuza mara ya kwanza, haukugeuka. Mara ya pili akageuka yeye. Jasho likamshuka mpaka kwenye tai. Tulimuonyesha pa kusimama, tukamwongezea unga, hatukumsaidia kusonga. Ugali ukatoka na madonge kama mawe ya Bismarck pale ziwani, na wasichana wakaula wote bila kulalamika, wakaomba tena.

Kuchomoa kuni hakuna aliyemkumbusha. Tulipopakua, chini mlikuwa na ukoko mweusi kama lami. Mama Nyamizi akaubandua kwa uangalifu, usivunjike, akauweka kwenye sahani nzuri ya wageni, akampa.

Mkuu akavunja kipande, akamnyooshea yeye kwanza.

“Chukua, mama.”

“Hapana, Mkuu,” akasema Mama Nyamizi. “Mimi leo sikusonga.”

Akamsogezea kila mtu, Akinyi, mimi, mwenyekiti, na kila mtu akamjibu hivyohivyo kwa adabu. Basi akaketi kwenye gogo letu la kuni, upande wa moshi, akautafuna peke yake mpaka ukaisha.